Kutoka shamba hadi frem: kubadilisha matumizi ya ardhi ya kijiji na kupima umbali wa kisheria Nyanda za Juu Kusini

Shamba linalogusa lami kati ya Makambako na Igawa, au kwenye barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, halibaki shamba kwa muda mrefu. Mwenyewe anaanza kuona frem tatu za maduka mbele, mashine ya kukoboa nyuma, na baadaye nyumba ya wageni. Anamwona mwenyekiti, anaita mafundi, msingi unachimbwa. Siku moja anafika mtu na kopo la rangi nyekundu.

Hapa kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: ardhi hii inaruhusiwa kufanyiwa kazi gani? La pili: jengo likae mbali kiasi gani na barabara, mto, reli, nguzo za umeme na jirani? Kwenye swali la kwanza kijiji kina sauti kubwa. Kwenye la pili hakina. Mita 30 za barabara kuu hazipunguzwi na mkutano mkuu hata wote wakinyoosha mikono. Kwa hiyo anza na futikamba, barua ya maombi ifuate. Ukianza na barua unaweza kuhangaika mwaka mzima kuombea matumizi mapya kipande ambacho hakijengeki.

Kwanza, jua ardhi ni ya kundi gani

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Zinagawa ardhi ya nchi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Neno "hifadhi" hapa halimaanishi wanyama na misitu peke yake. Ukanda wa barabara nao ni hifadhi.

Nenda kwa Mtendaji wa Kijiji na maswali matatu. Kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji? Kina mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa? Je, eneo lenu limetangazwa kuwa eneo la mipango miji? Jibu la swali la tatu linabadilisha kila kitu. Mahali kama Mafinga, Makambako au Mbalizi mji unatambaa, na wazee wanaendelea kusema "kijijini kwetu" wakati kwenye karatasi pameshakuwa mtaa. Mtendaji akisitasita, thibitisha kwa afisa ardhi wa halmashauri, kwa barua, na upate jibu la barua. Jibu la mdomo halikusaidii siku afisa huyo akihamishwa.

Walioko Mbarali waongeze swali la nne, kuhusu mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mpaka ule ulisogezwa kwa tangazo la serikali la 2008 na umeshughulikiwa tena baadaye, kwa hiyo ramani ya zamani iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji isikutulize.

Pili, pima kabla hujaomba

Tuanze na barabara. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikihesabiwa kutoka katikati ya barabara. Kutoka katikati, si kutoka ukingo wa lami, na si kutoka mtaroni. Ukanda wote una mita 60.

Zile mita 7.5 zilizoongezeka ndizo zimezaa alama za rangi mbili. X nyekundu imekuwa ikiwekwa kwa aliyevamia hifadhi, naye hubomoa bila malipo. X ya kijani imekuwa ikiwekwa kwa aliyekuwepo kihalali kabla hifadhi haijapanuliwa na kumfuata, naye ana haki ya kufidiwa. Ukinunua nyumba yenye X ya kijani usidhani umenunua fidia. Uliza kwanza kama tathmini ilishafanyika, na kwa jina la nani.

Tatizo kubwa kuliko yote ni hatua. Vijijini kwetu kiwanja bado kinauzwa "20 kwa 20", na muuzaji akimaanisha hatua zake mwenyewe. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Ukitembea hatua 30 kutoka katikati ya lami umekwenda mita 22.5, yaani umefika pale pale ulipokuwa mpaka wa zamani. Tumia futikamba ya mita 50, na watu wawili wa kuishika.

Tatizo la pili ni mteremko. Umbali wa kisheria ni wa mlalo, kama unavyoonekana kwenye ramani. Haupimwi kwa kufuata mgongo wa kilima. Rungwe, Kilolo au Ludewa hili si jambo dogo. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, ambao ni kama kupanda mita 1 kwa kila mita 2.75 za mlalo, ukilaza kamba ardhini mpaka mita 30 umepata mita 28.2 tu za kweli. Umekosa karibu mita 2, na upana huo ni wa varanda nzima. Dawa yake ni kupima kwa vipande vifupi: vuta kamba mita 5, iweke mlalo ukitumia pima maji, shusha timazi kutoka ncha ya juu mpaka chini, piga kigingi, endelea. Vipande sita vya mita 5 vinakupa mita 30 za haki.

Tatizo la tatu: katikati ya lami ya leo huenda si katikati ya hifadhi. Barabara ikinyooshwa kona au ikiongezwa njia ya malori ya mlimani, lami husogea upande mmoja. Tafuta nguzo fupi za mpaka za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa. Usipoziona, iandikie ofisi ya meneja wa TANROADS wa mkoa waje wakuoneshe mpaka, na uwepo siku hiyo pamoja na jirani zako wa pande zote mbili.

Barabara za wilaya na za vijijini zimekuwa chini ya TARURA tangu 2017. Hizo ni nyembamba zaidi, na upana hutegemea daraja la barabara. Usikisie kwa kuangalia kwamba leo inapita bodaboda tu. Uliza TARURA wilayani barabara hiyo imesajiliwa daraja gani, kisha pima kwa njia ile ile.

Mto, chemchemi na vinyungu

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa la asili. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 nayo ina mita 60 hizo hizo.

Kosa la kawaida hapa ni kuanza kupimia majini wakati wa Septemba, mto ukiwa umenywea. Anzia ukingo, pale kingo ya mto inapokatika. Kama hapaonekani vizuri, waulize watu wa bodi ya maji ya bonde. Iringa na Bonde la Usangu wako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye ofisi Iringa mjini. Mito inayoteremka Ziwa Nyasa ina bodi yenye ofisi Tukuyu, na ile ya Ziwa Rukwa ofisi yake iko Mbeya.

Vinyungu, yaani bustani za kiangazi za bondeni, ndilo suala gumu, na tusifiche. Familia nyingi za Iringa na Njombe hula kiangazi kizima kutokana na mahindi mabichi, maharage na mboga za bondeni, na bonde lote liko ndani ya mita 60. Bustani ya msimu inayolimwa kwa mkono na kisima cha zege ni vitu viwili tofauti, lakini afisa mazingira akikuta umechimba mifereji ya kukausha chepechepe, hoja ya "ni bustani tu" haitakubeba. Usiombe kibadilishiwe matumizi kipande cha kinyungu ili ujenge. Hakitapita, na ombi lako lote litaonekana la ujanja. Ukitaka kukipa kazi, ondoa mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi, kwa maana inanywa maji kuliko mpandaji anavyodhani, na weka miti rafiki wa maji kama mivengi.

Reli, umeme na bomba havihitaji maelezo marefu. Reli ya TAZARA na bomba la mafuta la TAZAMA vinapita mkoa kwa mkoa huku kwetu, na kila kimoja kina ukanda wake. Laini za umeme pia, na upana unaongezeka kadiri msongo unavyokuwa mkubwa. Andika barua moja yenye mchoro, toa nakala, peleka kwa kila mwenye miundombinu anayekugusa. Majibu yao yataambatishwa kwenye ombi lako.

Neno juu ya simu. Programu za ramani kwenye simu hukosea mita 3 hadi 10 siku ya kawaida, na zaidi chini ya miti au kwenye korongo. Zinafaa kuonesha shamba liko wapi, hazifai kuamua mita 30. Na ukichukua namba za koordineti kutoka ramani ya zamani ya upimaji, nyingi zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS 84. Ukizichanganya, shamba linahama karibu mita 300. Tumeona migogoro ya mipaka ambayo haikuwa na sababu nyingine zaidi ya hiyo.

Tatu, ombi lenyewe kijijini

Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji ni ramani iliyogawa kijiji: makazi, kilimo, malisho, msitu, vyanzo vya maji, huduma za jamii, biashara. Kwa kawaida huandaliwa kwa kipindi cha miaka 10, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Pamoja na ramani kuna sheria ndogo. Iombe ramani, iombe na sheria ndogo, kwa sababu rangi ya njano kwenye ramani haikwambii kama ndani ya makazi duka linaruhusiwa. Sheria ndogo ndiyo inayokwambia. Wakati mwingine utagundua huhitaji kubadilisha chochote.

Kama kweli unahitaji, njia ni hii.

1. Barua kwa Halmashauri ya Kijiji kupitia Mtendaji. Taja ukubwa kwa mita za mraba au ekari, matumizi ya sasa, matumizi unayoomba, na utakachojenga. "Biashara" peke yake haitoshi. Frem za nguo, sheli na karakana ya kuchomelea zote ni biashara, lakini jirani wa sheli ana maswali ambayo jirani wa duka la nguo hana. Ambatisha nakala ya hati ya hakimiliki ya kimila au ushahidi mwingine wa umiliki, mchoro wenye vipimo ulivyochukua, na majibu ya TANROADS au TARURA na wengine.

2. Ukaguzi wa eneo na Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji. Majirani wote wanaopakana nawe wawepo. Waandike majina, wasaini, na waseme wazi kama wanapinga. Pingamizi lililoandikwa na kujibiwa ni bora kuliko jirani aliyenyamaza, maana huyo ndiye utakayekutana naye barazani.

3. Kikao cha Halmashauri ya Kijiji. Hiki kina wajumbe 15 hadi 25. Kinapokea taarifa ya kamati na kutoa pendekezo tu.

4. Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hapa ndipo uamuzi wa kijiji unapofanyika. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini wa wanakijiji, haiimiliki.

5. Wilayani. Mabadiliko hupita njia ile ile uliyopita mpango wenyewe, kwa hiyo muhtasari unakwenda kwa timu ya wilaya ya usimamizi wa matumizi ya ardhi, halafu kwenye vikao vya halmashauri ya wilaya. Kama sheria ndogo nayo inaguswa, lazima ifike Baraza la Madiwani.

6. Marekebisho ya kumbukumbu. Ramani ya kijiji irekebishwe, masjala ya ardhi ya kijiji iandikwe, na hati yako ioneshe matumizi mapya.

Hatua ya sita ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtu ana muhtasari mzuri kabatini, ila ramani bado inasema kilimo. Anakuja mtendaji mpya, anafungua ramani, na kwake wewe ni mvunja sheria.

Ombi hufia zaidi kwenye muhtasari. Muhtasari unaofaa una tarehe, ajenda iliyotajwa kwenye tangazo la mkutano, orodha ya waliohudhuria yenye sahihi, maneno ya uamuzi, idadi ya waliokubali na waliokataa, sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji, na mhuri. Jambo la ardhi likipitishwa chini ya "mengineyo" linaanguka kirahisi sana, kwani mtu yeyote atasema hakujua litajadiliwa. Karatasi ya mahudhurio iliyojazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja nayo inajieleza yenyewe. Dai nakala yako yenye mhuri kabla hujaondoka ofisini.

Kuhusu pesa: ada halali hulipwa kwa risiti au namba ya malipo ya serikali. "Soda ya wajumbe" haipo kwenye kanuni yoyote.

Kama kijiji hakina mpango kabisa, Halmashauri ya Kijiji isikupe barua ya "kubadilisha matumizi", kwa kuwa hakuna kilichopo cha kubadilisha. Njia sahihi ni kijiji kuomba wilaya iandae mpango. Mchakato wake una hatua sita, kuanzia maandalizi ya wilaya na tathmini shirikishi hadi utoaji wa hati na usimamizi wa ardhi, na hauendi popote kama mipaka na vijiji jirani haijakubaliwa. Mbozi na Iringa zina uzoefu mkubwa kuliko wilaya nyingi nchini, kwa kuwa miradi ya hati za kimila ilianza kwao mapema. Kijiji jirani chenye mpango ni mahali pazuri pa kwenda kujifunza.

Na kama aliyenunua si mwanakijiji, uhamisho wenyewe unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji kabla ya jambo lingine lolote. Mkataba ulioandikwa kwa wakili mjini bila idhini hiyo una mhuri mzuri na msingi mbovu.

Kama eneo limeshatangazwa mji

Hapo unakutana na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Mlango wako ni afisa mipango miji wa halmashauri, na kinachobadilishwa ni mchoro wa mipango miji. Unajaza maombi, tangazo linatolewa ili wenye pingamizi wajitokeze, mtaa na kata wanatoa maoni, kamati ya mipango miji inalijadili ombi, kisha likikubaliwa hati inarekebishwa kwa Kamishna wa Ardhi kupitia ofisi yake ya mkoa. Tarajia kodi ya pango la ardhi kubadilika, kwa kuwa biashara hailipi sawa na makazi. Usianze kujenga kwa risiti ya maombi. Risiti inathibitisha umeomba, haithibitishi umekubaliwa.

Sheli na nyumba za wageni zina vibali vya ziada. NEMC, baraza la taifa la mazingira, huangalia athari za mazingira, na kwa sheli EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, lazima itoe idhini kabla ya ujenzi. Anza nazo mapema, ziende sambamba.

Ndani ya kiwanja chenyewe

Umbali kutoka mpaka wako hadi ukutani huandikwa kwenye kibali cha ujenzi. Fanya hesabu kabla ya kumlipa mchora ramani. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, na kibali kinachotaka mita 3 mbele, 1.5 kila ubavu na 5 nyuma. Upana unabaki 17, urefu unabaki 22, jumla mita za mraba 374. Unafurahi. Lakini kama kibali kinasema pia jengo lisizidi asilimia 40 ya kiwanja, basi katika mita 600 una 240 tu. Masharti hayo mawili husomwa pamoja, na lenye kubana zaidi ndilo linalotawala.

Pima kutoka mstari unaounganisha bikoni na bikoni, yaani alama za mpimaji kwenye kona za kiwanja. Uzio wa mabati unaweza kuwa umewekwa na aliyekutangulia pale alipopapenda. Bikoni ikiwa imeng'oka usiirudishe mwenyewe kwa kukumbuka, mwite mpimaji. Ukiweka ukuta mita 1.5 kamili kutoka mpakani, kumbuka paa linatoka nje sentimita 60 au zaidi, na mvua za Tukuyu hazitamwagikia kwako. Shimo la choo, karo na tangi vipangiwe nafasi kwenye mchoro huo huo, kwa kuwa hivyo ndivyo huishia kusukumwa mpakani nafasi ikiisha.

Simamisha vigingi vya pembe nne za jengo, pima tena, halafu mwite mkaguzi au mtendaji aone vigingi kabla jembe halijashuka. Kuhamisha kigingi ni kazi ya dakika tano.

Mkitofautiana

Jirani akilalamika, anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu. Halitoi tena hukumu, na lina siku 30 za kufanya hivyo. Likishindwa, mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Watu bado wanapoteza muda wakisubiri kata "itoe hukumu". Usuluhishi ukishindikana kabla ya siku 30, omba waandike hivyo, kwa maana Baraza la Wilaya litakuuliza karatasi hiyo; siku 30 zikipita bila muafaka, unaweza kwenda wilayani bila karatasi hiyo.

Kama anayelalamika ni TANROADS au bodi ya maji, suluhu ya kijiji haina nafasi. Utakachohitaji ni mchoro wako wa vipimo, barua yao ya siku waliyokuonesha mpaka, na picha za vigingi zenye tarehe.